Uzito Mdogo: Lini Ni Maumbile Yako, Lini Ni Dalili

Kikokotoo cha kwenye simu kinakuambia una "uzito pungufu". Ndugu wanakuuliza kama unaumwa. Wewe mwenyewe unaamka vizuri, unafanya kazi zako na hukumbuki mara ya mwisho kulala kitandani kwa ugonjwa. Upande wa pili yuko mtu aliyepungua kilo nane bila kujua sababu, na kila anayekutana naye anamsifu kwamba amependeza. Wa kwanza anabebeshwa wasiwasi asioustahili, wa pili ananyimwa tahadhari anayoihitaji sana. Wote wawili wamepotezwa na swali moja tulilozoea kuuliza: kilo ngapi? Swali la maana zaidi ni kilo hizo zimefikaje hapo, na je, mwili unamudu kazi zake zote zikiwa hapo.

Namba ya kikokotoo inatoka wapi

Kipimo ambacho karibu kila kikokotoo hutumia kinaitwa BMI. Ni uwiano wa uzito na urefu: unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 50 mwenye urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 kwa 1.65 apate 2.72, kisha atagawa 50 kwa 2.72 na kupata 18.4. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, nao una ngazi zake: 17 hadi 18.4 ni upungufu mdogo, 16 hadi 16.9 ni wa kati, na chini ya 16 ni upungufu mkali.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Aliyeibuni ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, alipokuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa daktari na hakuwa akitafuta wagonjwa. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia Ancel Keys, mtafiti wa Marekani ambaye tutakutana naye tena hapa chini, na yeye alihitaji kipimo chepesi cha kulinganisha makundi makubwa ya watu. Kwa kazi hiyo BMI inafaa sana. Kundi la watu wenye BMI ya 17 litakuwa na wagonjwa wengi zaidi kuliko kundi la watu wenye 21. Ila haikuambii kama wewe ni miongoni mwa wagonjwa hao au miongoni mwa wazima waliojaa katika kundi lilelile.

Haioni pia uzito huo umeundwa na nini. Kilo ya misuli, ya mafuta, ya mfupa na ya maji kwake ni kitu kimoja. Mtu mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi hupata BMI ndogo kuliko mwenzake mwenye kiwiliwili kirefu, hata afya zao zikiwa sawa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa binadamu iko kwenye kiwiliwili. Aliyekatwa mguu hupata namba isiyo na maana mpaka hesabu irekebishwe. Hatari zaidi ni mtu aliyevimba miguu au tumbo kwa maji kutokana na ugonjwa wa moyo, ini au figo: mzani unaweza kumwonyesha uzito wa kawaida wakati misuli yake imekwisha chini ya maji hayo.

Na kuna kosa la kipimo chenyewe, ambalo watu hulidharau. Yule mtu wa kilo 50 akiandikiwa urefu wa mita 1.62 badala ya 1.65, BMI yake inapanda hadi 19.1 na ghafla anahesabiwa kuwa wa kawaida. Sentimita tatu tu zimembadilishia hukumu. Kabla hujaiamini namba yoyote, pima urefu kwa uangalifu: vua viatu, simama kwenye sakafu ngumu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Mtu mwingine aweke kitabu kigumu juu ya kichwa, ubavu mmoja wa kitabu ukibana ukuta, atie alama chini yake, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye alama kwa futi ya utepe. Urefu ulioandikwa kwenye kitambulisho miaka ishirini iliyopita hautoshi, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 60, kwa kuwa uti wa mgongo hufupika kadiri umri unavyosonga.

Mwelekeo una uzito kuliko namba

Chukua watu wawili, wote wana urefu wa mita 1.65 na kilo 50, wote BMI yao ni 18.4. Wa kwanza amekuwa kati ya kilo 49 na 51 tangu alipomaliza kukua. Wa pili miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 58. Kikokotoo kitawapa jibu moja, ilhali mbele ya daktari ni kesi mbili zisizofanana hata kidogo. Wa kwanza huenda ndivyo alivyoumbwa. Wa pili amepoteza karibu asilimia 14 ya mwili wake, na mpaka sababu ijulikane ni lazima achukuliwe kuwa mgonjwa.

Hesabu ya upungufu ni rahisi: kilo zilizopungua ugawe kwa uzito wa zamani, uzidishe kwa 100. Nane ugawe kwa 58 mara 100 ni 13.8. Kiwango ambacho wataalamu wengi wa lishe hukifuata ni hiki: kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia kunatosha kumpeleka mtu kupimwa, na zaidi ya asilimia 10 ni jambo zito, haijalishi alianzia wapi. Neno "bila kukusudia" ndilo linalobeba sentensi hiyo. Mtu mnene aliyekuwa na kilo 95, sasa ana 84 na hajabadilisha chakula wala mazoezi, anaweza kuwa na upungufu wa lishe ingawa BMI yake bado inasoma "uzito uliozidi". Hao ndio wanaochelewa kugunduliwa, kwa sababu kila mtu anawapongeza.

Ili mwelekeo uonekane, pima kwa utaratibu mmoja: asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula, nguo nyepesi zilezile, mzani uleule kwenye sakafu ngumu. Mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na mzunguko wa hedhi, hivyo anayepima kila siku huishia kusoma maji yakiingia na kutoka. Akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na ini hushikilia maji takriban mara tatu ya uzito wake, na ndiyo maana mtu akikosa kula vizuri siku mbili tatu anaweza kupungua kilo nzima bila kupoteza mafuta ya maana.

Asiye na mzani atumie alichonacho. Mkanda umesogea matundu mangapi? Pete inateleza kidoleni? Meno ya bandia yamelegea? Picha ya mwaka jana inaonyesha mashavu yaleyale? Unaweza pia kupima mzingo wa mkono wa juu. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama, kisha uunyooshe mkono uning'inie na uzungushe utepe hapo bila kukaza. Kwa mtu mzima, chini ya sentimita 23.5 kuna uwezekano mkubwa kwamba BMI iko chini ya 20. Ukirudia kipimo hicho kila mwezi, utaona mwelekeo hata kama hujawahi kukanyaga mzani.

Mwili unapopungukiwa hubana matumizi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwili unaopata nishati ndogo kuliko unayohitaji hufanya kama nyumba iliyopungukiwa na kipato: haufungi kila kitu kwa mara moja, unakata kwanza yale ambayo leo hayataua. Moyo na ubongo vitalipiwa hadi mwisho. Uzazi, ujenzi wa mifupa, ukuaji wa nywele, joto la mikono na miguu, hata hamu ya kucheka na watu, hayo husitishwa mapema. Ukitaka kujua kama uzito wako mdogo unakutosha, kagua huduma hizo zinazokatwa mwanzo.

Ushahidi ulio wazi zaidi tunao tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 Ancel Keys, yuleyule wa BMI, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 aliwapunguzia chakula mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Wote walikuwa wanaume waliochaguliwa kwa uimara wa mwili na akili. Mapigo ya moyo yalipungua, nguvu zilishuka, walihisi baridi na kuomba mablanketi wakati wa kiangazi, hamu ya tendo la ndoa ikapotea, wakawa na hasira na huzuni, na mawazo yao yakajaa chakula kutwa kucha. Baadhi walikusanya vitabu vya mapishi. Vijana hawa hawakuanza na matatizo hayo. Njaa ndiyo iliyoyaleta. Kwa hiyo mtu mwembamba anayeambiwa ana "tabia ngumu", asiyepata usingizi na anayewaza chakula saa zote, asikimbilie kujilaumu. Huenda mwili wake haushibi.

Kwa mwanamke ambaye hajafikia ukomo wa hedhi, kipimo bora kuliko mzani wowote ni hedhi yenyewe. Ikiwa ilikuwa ya kawaida kisha ikakatika miezi mitatu mfululizo bila ujauzito wala kunyonyesha, hiyo ni sababu kamili ya kwenda hospitali, hata kama uzito "si mdogo sana". Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo achunguzwe pia. Jihadhari na jambo moja linalowadanganya wengi: anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili huona damu kila mwezi kwa sababu ya vidonge, na damu hiyo haithibitishi kwamba ovari zake zinafanya kazi. Kwa mwanaume hakuna kalenda kama hiyo, ila kupotea kwa hamu na kwa msimamo wa uume wa asubuhi kwa wiki nyingi ni ishara ya aina ileile.

Hedhi ikikatika kwa sababu ya upungufu wa nishati, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa huanza kupoteza madini kimyakimya. Mifupa hujengwa zaidi ujanani na kufikia kilele chake mtu akikaribia miaka 30. Binti wa miaka 17 anayekaa miaka miwili bila hedhi hapotezi tu alichonacho. Anakosa pia msimu wa kuweka akiba. Kinachomfikisha kwa daktari mara nyingi ni mfupa wa mguu uliopata ufa kwa mazoezi ya kawaida tu. Kwa wanamichezo hali hii ya kupungukiwa nishati ilipewa jina rasmi, RED-S, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014, na huwapata wanaume kwa wanawake, wakimbiaji, waogeleaji, wachezaji ngoma, wapiganaji wanaoshindana kwa makundi ya uzito. Wengi wao hawaonekani wamekonda kupita kiasi. Wanakula chakula cha kumtosha mtu wa ofisini huku wakitumia nguvu za mtu wa mazoezi ya saa tatu.

Dalili nyingine za kubana matumizi: baridi wakati wenzako wanahisi joto, nywele kudondoka kwa wingi, vidonda vidogo visivyopona, mafua yanayorudi kila mara, kukosa choo, kizunguzungu ukisimama ghafla. Moja peke yake haithibitishi kitu. Tatu kwa pamoja kwenye mwili mwembamba zinastahili kusikilizwa.

Nguvu, kwa sababu misuli haipimwi kwa macho

Wembamba wenye misuli na wembamba uliokwisha misuli vinaweza kuvaa suruali ya saizi moja. Jaribio la nyumbani ni hili: kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, inuka ukasimame wima na kukaa tena mara tano haraka uwezavyo. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 15, misuli ya miguu ni dhaifu. Kliniki zina kifaa cha kuminya kwa kiganja. Nguvu ya kuminya iliyo chini ya kilo 27 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke huhesabiwa kuwa udhaifu. Vipimo hivi vilitengenezwa hasa kwa ajili ya wazee, kwa hiyo kijana anayevishindwa ana sababu kubwa zaidi ya kutafuta ushauri.

Waliozaliwa wembamba

Wapo, na ni wengi. Ni watu ambao BMI yao iko chini ya 18.5 tangu utotoni, hawapungui, wanakula wakashiba, hedhi ipo, nguvu zipo, vipimo vya damu havina kasoro, na mara nyingi mzazi au ndugu ana umbo hilohilo. Kwao uzito mdogo si ugonjwa na hauhitaji dawa.

Urithi una nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti wa jozi 12 za mapacha wa kufanana waliolishwa kalori 1,000 za ziada kila siku, kwa jumla ya siku 84. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile, lakini mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine 13.3, na mapacha wa jozi moja walielekea kuongezeka karibu sawa. Kumwambia mtu wa aina hii "kula tu utanenepa" ni kutomtendea haki.

Hata hivyo, "ndivyo nilivyo" si cheti cha kuepuka vipimo. Watu wembamba kwa maumbile nao huwa na mifupa yenye madini machache kuliko wenzao, kwa sababu mifupa huimarishwa na mzigo inaoubeba. Mazoezi ya kubeba uzito, protini, kalsiamu na vitamini D yanawahusu kuliko mtu mwingine yeyote. Na wembamba hauwakingi na kisukari wala shinikizo la damu. Mafuta yanaweza kujificha tumboni kuzunguka ini huku mikono na miguu ikiwa myembamba. Pima kiuno: kikizidi nusu ya urefu wako, hatari ipo hata kama BMI ni ndogo.

Uzito unapopungua wenyewe

Sababu ni nyingi, ila hamu ya kula hutoa fununu nzuri. Anayekula sana na bado anakonda, fikiria kwanza tezi ya thairoidi iliyoko shingoni inayofanya kazi kupita kiasi (moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho) na kisukari (kiu isiyokwisha, kukojoa usiku). Fikiria pia utumbo usionyonya chakula, ambao huleta choo chepesi, chenye mafuta au cha muda mrefu, kama katika ugonjwa wa seliaki, ambapo mwili haupatani na gluteni iliyomo kwenye ngano. Watu wengi hukimbilia kusema ni minyoo. Minyoo ipo na inatibika kwa bei ndogo, lakini kwa mtu mzima si mara nyingi inakuwa maelezo ya kilo nane, na kumeza dawa ya minyoo mara tatu mfululizo huku kisukari kikiendelea ni kupoteza muda ambao haurudi.

Anayekonda kwa kukosa hamu ana orodha nyingine: kifua kikuu, VVU, saratani, ugonjwa sugu wa mapafu, moyo au figo, vidonda vya tumbo, na sonona, ambayo kwa wazee mara nyingi hujitokeza kwa kuacha kula kabla ya mtu kusema ana huzuni. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku la kulowesha shuka pamoja na kukonda ni sababu ya kupima makohozi wiki hii, bila kusubiri mwezi ujao. Angalia na dawa unazotumia: baadhi ya dawa za kisukari, za kifafa na za upungufu wa umakini hupunguza hamu au uzito. Angalia meno pia. Jino bovu humkondesha mtu kwa sababu rahisi kwamba kutafuna kunauma.

Ukienda kliniki, nenda na uzito wako wa nyuma kwa tarehe, orodha ya dawa, maelezo ya siku tatu ya unachokula kweli, na tarehe ya hedhi ya mwisho. Vipimo vya mwanzo kwa kawaida huwa ni picha kamili ya damu, sukari, thairoidi, figo na ini, VVU, mkojo, na picha ya kifua. Vikitoka safi na bado unapungua, rudi. Matokeo safi ya leo hayafuti kilo zinazopotea kesho.

Kuna sababu moja ambayo wengi huiona aibu kuitaja: hofu ya kunenepa. Mtu anaruka milo, anaondoa vyakula kimoja baada ya kingine, anafanya mazoezi kama adhabu, anajitapisha, au hawezi kula mbele ya watu. Huo ni ugonjwa halisi, unawapata wavulana na watu wazima pia, na unaweza kuua kabla uzito haujafika chini sana. Anayejitambua hapa aweke mzani kando kabisa, asihesabu BMI, aende kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Kwake namba yoyote hugeuka kuwa chambo.

Watoto, wajawazito, wazee

Mpaka wa BMI wa 18.5 haumhusu mtu aliye chini ya miaka 19. Mtoto anasomwa kwenye mchoro wa ukuaji wa umri na jinsia yake, na kinachotisha ni mstari uliokuwa ukipanda kisha ukalala au kushuka. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kati. Uvimbe wa miguu yote miwili kwa mtoto ni utapiamlo mkali hata kama uzito unaonekana mzuri.

Mwanamke anayeanza ujauzito akiwa chini ya 18.5 hushauriwa kuongezeka kilo 12.5 hadi 18 kwa ujauzito wa mtoto mmoja, zaidi ya mwenye uzito wa kawaida ambaye lengo lake ni kilo 11.5 hadi 16. Akitapika mpaka apungue zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa awali, hilo limeshapita kichefuchefu cha kawaida cha mimba changa.

Kwa mzee, mpaka unapanda. Baada ya miaka 70, BMI chini ya 22 tayari huhesabiwa katika dalili za upungufu wa lishe, kwa kuwa akiba ndogo humwangusha akipata nimonia au kuvunjika nyonga.

Ukihitaji kuongeza

Lengo la kweli ni robo hadi nusu kilo kwa wiki, linalopatikana kwa kuongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku. Hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri: kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi, na viwili vikigawanywa kwenye milo ya siku vinafika karibu na lengo. Kula mara tano au sita badala ya kujilazimisha sahani kubwa, usijaze tumbo kwa maji au chai kabla ya mlo, na kila mlo uwe na protini. Fanya mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki. Bila hayo nyongeza kubwa huenda kwenye mafuta ya tumbo.

Vidonge vya kunenepesha viache. Vingi vina siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu na kuleta usingizi mzito, au deksamethasoni, dawa kali ya steroidi ambayo huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hula mifupa na misuli, na ukiiacha ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuzimia. Uso uliojaa kwa deksamethasoni hauna kilo hata moja ya afya ndani yake.

Mtu ambaye karibu hakula kabisa kwa zaidi ya siku tano, au mwenye BMI chini ya 16, asijaziwe chakula ghafla nyumbani kwa nia njema. Chakula kingi cha wanga huamsha insulini, homoni ya kuingiza sukari kwenye seli, nayo husukuma fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Madini hayo yakishuka kwa kasi, moyo unaweza kusimama. Hospitali huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi nusu ya mahitaji kwa siku mbili za mwanzo, huku damu ikipimwa. Kuzimia, mapigo ya moyo ya polepole kupita kawaida yako, maumivu ya kifua, au kushindwa kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Uzito ukishaanza kurudi, usitegemee mzani peke yake kujua kama unapona. Joto la mikono na usingizi hurudi mapema, nguvu za kuinuka kitini hufuata, na hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa baada ya kilo kukamilika. Mifupa ndiyo ya mwisho, na kwake hesabu ni ya miaka.